Kuku Aliyetikisa Izia

Nyumbani kwetu Chanji asubuhi ina utaratibu wake na haupingwi. Mama anawasha jiko la mkaa, baba anatoa cherehani yake barazani na kuifuta vumbi, na mimi nafagia uwanja huku meno yakigongana kwa baridi. Wanaosema Tanzania yote ni nchi ya joto hawajawahi kushika ufagio Sumbawanga asubuhi. Nikimaliza naomba maji ya moto ya kuoga, napewa nusu ndoo, na nikiomba ndoo nzima mama ananiuliza kama nina harusi. Kisha chai, kisha shule. Naitwa Leonia, nasoma darasa la sita, na kabla sijaendelea naomba ieleweke kwamba mimi si mwongo. Ni vile tu kuna wiki tano nilizembea, na katika wiki hizo kuku mmoja alifanya kazi kuliko mimi.

Shangazi yangu Epifania, mdogo wake baba, ni mhandisi. Mwaka jana alipata ufadhili wa kwenda Nyuzilandi kusomea shahada ya uzamili ya uhandisi wa majanga ya asili. Habari hiyo ilipofika mtaani ilizua maneno. Jirani yetu mama Asifiwe, mtu wa Mbeya asiyejua kuweka jambo moyoni, alikuja kushonesha sketi akamuuliza baba.

“Baba Leonia, samahani. Mtu anapanda ndege siku mbili kwenda kusomea majanga? Si angebaki hapa, angeyapata bila ada?”

“Hasomei kuyaleta,” baba alijibu bila kuinua macho. “Anasomea namna ya kujenga nyumba na shule na madaraja, ili yakija yasituue.”

“Na akihitimu atapewa janga lake?”

Baba aliishona sketi ile kwa hasira, na mpaka leo mama Asifiwe analalamika kwamba inambana.

Shangazi alikuwa akitupigia simu na kutusimulia vituko vya huko. Wiki yake ya kwanza ardhi ilitikisika wakati anasonga ugali bwenini. Wenzake wote waliingia chini ya meza, kama walivyofundishwa. Yeye alikimbilia nje na sufuria mkononi, mwiko ukiwa umesimama katikati ya ugali. Darasani kwao kulikuwa na wanafunzi kutoka Nepali, Chile na Indonesia, na kila mmoja alikuwa na tetemeko la kwao la kusimulia. Shangazi alijiona mnyonge mpaka siku alipowaeleza jinsi nchi yetu ya juu ya Ufipa inavyokatika ghafla na kushuka mpaka Ziwa Rukwa, na kwamba ardhi ya bonde lile hutikisika mara kwa mara ila ni wachache wanaoifuatilia. Profesa wake alivua miwani akamwambia aseme tena. Hapo ndipo alipopata mada ya utafiti wake.

Mwezi wa kwanza mwaka huu alikuja nyumbani na vipima mitetemo vitano. Kila kimoja kilikuwa cha duara, kizito, kikubwa kama sufuria ya chai, chenye kitaa cha kijani kinachopepesa na waya mrefu unaokwenda kwenye kipande cha sola. Mtu akipita karibu, kinahisi hatua zake. Halafu kinatuma taarifa kwa mtandao wa simu mpaka Nyuzilandi. Vinne alivitawanya kuanzia Mwimbi kuja huku kwetu. Cha tano alikifukia shambani kwa Bibi, mama yao, anayeishi peke yake pembezoni mwa Izia na kulima mahindi na ulezi.

“Hiki ni chako,” shangazi aliniambia tukiwa tumechuchumaa kando ya shimo. “Kila Jumamosi saa tatu unakuja. Unafungua kifuniko, unaangalia kama kimekaa sawa, unafuta vumbi kwenye sola. Kisha unaandika kwenye daftari kila kitu kinachoweza kutikisa ardhi hapa jirani. Ng'ombe, trekta, mtu anayetwanga. Kipimo hiki hakina macho, Leonia. Kinajua kuwa kitu kimetikisika, hakijui ni kitu gani. Macho yake ni wewe.”

Akanivisha kitambulisho chenye picha yangu, kimeandikwa MSAIDIZI WA UTAFITI. Nilikivaa shuleni siku tatu mfululizo, hadi mwalimu wa darasa akaniuliza kama nimekuja kusoma au kumkagua.

Jumamosi za mwanzo nilikwenda bila kukosa. Kutoka Chanji mpaka kwa Bibi ni mwendo wa dakika hamsini, na mvua ikinyesha njia inakuwa tope tupu, lakini nilikuwa na kitambulisho na miguu ilikwenda yenyewe. Bibi mwenyewe sikumkuta, maana Jumamosi huwa anakwenda gulioni kuuza maharage. Nilikagua, nikafuta, nikaandika, nikarudi. Baba alipiga picha ukurasa na kumtumia shangazi, aliyekuwa amesharudi Nyuzilandi.

Ndipo ikaja Jumamosi moja ya mwezi wa tatu, Asifiwe akaniita kwenye rede. Aliyewahi kucheza rede atanielewa. Uko katikati, unakwepa mpira wa huku na wa kule, na chupa yako ya mchanga imefika nusu. Unaiachaje? Nikasema nitakwenda kesho. Kesho yake ilikuwa Jumapili, misa ya kwanza, halafu kufua sare. Jioni nilifungua daftari nikaandika: “Saa 3:00. Kipo sawa. Sola safi. Kimya, hakuna mtu wala mnyama.” Baba akapiga picha. Shangazi akajibu: “Safi sana, msaidizi wangu.”

Nakiri ilikuwa rahisi mno. Wiki ya pili niliandika vilevile kwa kalamu nyingine, ili daftari lionekane limetembea. Ya tatu niliona hiyo “kimya” inajirudia sana, nikaongeza ng'ombe wawili waliopita mbali, mmoja mweupe. Ya nne nikaacha ng'ombe, nikiogopa mtu atauliza yule mweupe ni wa nani. Ya tano nikarudi kwenye kimya. Nilijisemea kwamba ardhi ya Izia imekaa pale tangu enzi na enzi, haiwezi kuchagua wiki zangu za rede kufanya jambo.

Jumatatu iliyofuata shangazi alipiga simu tukiwa tunakunywa chai. Kwetu ilikuwa asubuhi, kwao alasiri imeshaingia. Baba aliiweka simu katikati ya meza ili tusikie wote.

“Kaka, kaa chini,” shangazi alisema.

“Nimekaa.”

“Kipimo cha Izia kimeona kitu. Wiki tatu nzima ardhi ya pale inatikisika kidogo kidogo, mchana na usiku. Kila asubuhi inatulia kama robo saa, kisha inaanza tena. Halafu juzi Jumamosi, siku ya ishirini na moja, ikaja mitikisiko mia tatu kwa mpigo. Midogo, ya haraka haraka, ta-ta-ta-ta. Profesa wangu yuko kwenye kazi hii miaka arobaini na hajawahi kuona kitu cha namna hiyo.”

“Isije ikawa mifugo,” alisema baba.

“Hapo ndipo nilipoanzia. Vipimo vingine vinne havijahisi chochote, kwa hiyo kinachotikisika kipo palepale, kwenye shamba la mama. Profesa akaniambia nithibitishe kwamba si mifugo. Nikamwonyesha daftari la Leonia. Jumamosi tano, na kila moja kimya, ukiacha ng'ombe wawili waliokuwa mbali. Nikamtafsiria neno kwa neno. Akasema mtoto huyu ni makini kuliko baadhi ya wanafunzi wake.” Alikuwa anaongea haraka haraka kwa furaha. “Ijumaa nitasimama mbele ya walimu wote kuwasilisha. Wakikubali, kaka, shahada yangu ndiyo hiyo.”

Chai ilinipalia. Mama alinipiga mgongoni, akasema ni furaha.

“Ila mama hatakiwi kuendelea kulala pale,” shangazi aliongeza. “Nyumba yake ni ya matofali ya udongo na haina hata nondo moja. Mwondoeni mpaka tujue vizuri.”

Baba yangu, Felisian, si mtu wa kukaa akaogopa. Akiogopa, anashona. Siku hiyo aliweka pembeni sare zote za wateja, akachana godoro kuukuu na kushona kofia tano za sponji za kukinga vichwa vyetu. Kitambaa cha juu kilikuwa mabaki ya majoho ya kwaya, zambarau iliyokolea. Mama alivaa yake mara moja, akajitazama kwenye kioo, akasema kama ni kufa basi afe na nywele zake zinaonekana.

Jumanne nilipotoka shule baba alinichukua tukaenda Izia, yeye kofia kichwani, mimi yangu nimeificha kwenye begi. Bibi alituona kwa mbali akasimama mlangoni.

“Shikamoo mama,” alisema baba.

“Marahaba. Nani amefariki?”

“Hakuna aliyefariki. Tumekuja kukuchukua. Ardhi ya hapa inatikisika.”

“Tangu lini?”

“Wiki tatu sasa. Epifania ameona kwenye mitambo.”

“Nimelala hapa wiki tatu, sijatikisika.”

“Ni mitikisiko midogo, mama. Mtu hawezi kuihisi.”

“Sasa kama siihisi,” Bibi aliuliza, “unaniondoa nisihisi nini?”

Baba akamvisha kofia. Bibi aliivua, akaibonyeza, akaikunja mara mbili ikawa kata, akaiweka utosini na kujitwika ndoo ya maji. Alisema imefaa sana, na kama zipo nyingine aletewe. Baba akaingia ndani na kuanza kutoa godoro kwa nguvu, huku Bibi akimfuata nyuma kulirudisha.

Mimi nilizunguka nyuma ya nyumba kuangalia shimo langu. Halikuwapo. Shamba lote lilikuwa limejaa ntumba. Wafipa wenzangu wanazijua: mvua zikikaribia kukata, majani yanakusanywa na kufunikwa kwa udongo yakawa vichuguu vya mviringo, yaoze humo yawe mbolea. Pale penye kifuniko cha shimo palikuwa na kichuguu kimoja kizuri, kimetulia. Nilimsubiri Bibi atoke, nikamuuliza kwa sauti ya chini.

“Bibi, kile kipimo cha shangazi kiko wapi?”

“Nilikihamisha siku nilipolima, jembe lingekipasua. Kipo pakavu kabisa, bandani kwa kuku. Kile kioo chake nimekifunga juu ya bati na kitaa kinawaka kila siku, mimi mwenyewe naangalia.” Akanitazama. “Kwani hujakiona? Nilijua umeshamwambia shangazi yako. Si unakuja kila Jumamosi nikiwa gulioni?”

Nilimpita haraka. Nilifungua mlango wa banda. Kipimo cha mitetemo kutoka Nyuzilandi kilikuwa pembeni, kimezungushiwa nyasi kavu vizuri, na juu yake alikuwa amekaa kuku wa madoadoa, amejitanua kama mwenye nyumba. Chini yake vifaranga walikuwa wamekizunguka kile kitaa cha kijani wakikidonoa kwa zamu. Ta-ta-ta-ta. Niliwahesabu. Walikuwa tisa.

“Wametotolewa lini, Bibi?”

“Jumamosi. Siku ishirini na moja sawasawa. Alikuwa anatoka asubuhi tu, anakula kidogo, anarudi kukaa. Kuku mwaminifu sana huyu.”

Hilo neno “mwaminifu” siku ile halikunipendeza hata kidogo.

Sasa hapa ndipo ningeweza kumaliza mambo. Baba alikuwa hatua ishirini kutoka nilipo, kashika godoro. Ningesema tu. Lakini nilifikiria daftari, nikafikiria zile kalamu mbili, nikaona aibu, na aibu ikanipa akili mbovu. Nilimwambia Bibi kwamba shangazi anakitaka mahali pake pa zamani. Bibi hakuwa na neno, akafukua kile kichuguu, nikakirudisha kipimo shimoni, nikakifunika. Kuku alitufuata mpaka shambani akilalamika. Nilijisemea kwamba sasa mitikisiko itaisha, shangazi atasema ardhi imetulia, na hakuna atakayejua.

Bibi alikataa katakata kuondoka. Lakini baba alipita kwa jirani yake, Mzee Zenon, mtu wa miaka zaidi ya themanini, akampa ile kofia ya tano na kumweleza habari yote. Mzee Zenon hakubisha. Yeye aliamini kila neno.

Jumatano jioni baba alirudi kutoka Izia amenyong'onyea. Mzee Zenon alikuwa ameamua kulala nje chini ya turubai, na kofia ya zambarau kichwani. Mvua ilimkuta humo. Sasa anakohoa kifua chote, na hataki kuingia ndani hata kwa kubembelezwa, anasema mtaalamu wa Nyuzilandi amekataza.

“Anakohoa sana?” niliuliza.

“Anakohoa vibaya,” alisema baba.

Mama alimsagia tangawizi ya kumpelekea. Mimi ugali ulinishinda, na kwetu ugali wa ulezi haujawahi kunishinda. Niliwaza kwamba Mzee Zenon hajui hata daftari langu linafananaje, na ndilo lililomlowanisha. Nilitaka kusema, nikainuka kuosha vyombo.

Alhamisi asubuhi simu ikaita tena. Sauti ya shangazi ilikuwa imebadilika.

“Kaka, tangu juzi jioni kipimo kimenyamaza kabisa. Mia tatu, halafu sifuri. Profesa anasema kimya hiki kinamtisha kuliko ile mitikisiko. Kuna wakati ardhi hutulia hivi kabla ya kupiga pigo kubwa. Nenda kwa mtendaji wa mtaa sasa hivi, watu wote wa upande ule walale nje mpaka wiki iishe.”

Baba alikuwa ameshavaa kiatu kimoja. Nikaona watoto wadogo na wazee wote wa Izia kwenye baridi, chini ya maturubai, na mimi nakunywa chai.

“Ni kuku,” nikasema.

Baba akasimama na kiatu cha pili mkononi. “Kuku gani?”

“Wa Bibi. Wa madoadoa. Bibi alikihamisha kipimo kwenye banda, kuku akaatamia juu yake. Ile mia tatu ya Jumamosi ni vifaranga, wanadonoa taa. Kimenyamaza kwa sababu Jumanne nilikirudisha shimoni bila kusema.”

Kisha shangazi akauliza taratibu, kama daktari anayepima homa. “Alikuwa anatoka kwenda kula?”

“Kila asubuhi.”

“Kwa muda gani?”

“Bibi anasema kidogo tu.”

“Robo saa,” alisema shangazi, na nilimsikia akishusha pumzi. Mama aligeukia ukutani, mabega yakimcheza, na sikujua kama analia au anacheka. Shangazi yeye hakucheka. “Sasa niambie, Leonia. Jumamosi tano umeandika kimya. Hizo siku kuku alikuwa wapi?”

“Sikwenda, shangazi.”

“Ipi hukwenda?”

“Zote tano. Niliandika hapa nyumbani.”

“Na wale ng'ombe?”

“Hawakuwapo.”

Nilisikia akivuta kiti na kukaa. Kisha akasema kwa sauti ndogo ambayo sijawahi kuisikia kwake, “Nilimwapia profesa kwa daftari lako.” Ndipo simu ikakatika. Nililia pale pale mezani, na safari hii mama hakusema ni furaha.

Baba hakunipiga. Alimalizia kuvaa kiatu, akanishika mkono, akasema shule itasubiri. Tulikwenda moja kwa moja kwa Mzee Zenon. Tulimkuta amekaa kitandani nje, blanketi mabegani, kofia kichwani, jua likimpiga usoni. Nilimwamkia, nikapiga magoti, nikamweleza kila kitu tangu rede mpaka kwenye vifaranga. Alisikiliza bila kunikatiza ila kwa kukohoa.

“Kwa hiyo,” alisema mwishoni, “mimi nimelowa kwa ajili ya kuku.”

“Ni kwa ajili yangu, babu. Naomba unisamehe.”

“Ni yule wa madoadoa?”

“Ndiyo.”

“Mwezi uliopita alikula karanga zangu nilizoanika. Nikanyamaza kwa ujirani.” Alikohoa tena, akanielekeza kidole kwenye godoro. “Haya, mjukuu wangu, rudisha ndani. Nimesamehe, lakini godoro halijirudishi.”

Godoro lililolowa lina uzito ambao sikuujua. Baba alisimama pembeni mikono nyuma, hakunigusia hata kona. Tulipomaliza nilimpa Mzee Zenon dawa yake ya tangawizi, na kwa wiki nzima baada ya hapo mimi ndiye niliyempelekea kila jioni mpaka kikohozi kikaisha. Kofia alikataa kuirudisha, alisema inashika joto.

Ijumaa nilikaa darasani nikiangalia saa ya ukutani badala ya ubao. Nilijua kwamba upande wa pili wa dunia shangazi ameshasimama mbele ya walimu wake wote, na mimi ndiye niliyemharibia. Hakupiga simu siku ile. Alipiga Jumamosi asubuhi, akasema anataka kuzungumza na mimi peke yangu.

“Nilipanda jukwaani,” alianza, “nikawaambia, nilichoandaa kuwaonyesha leo si tetemeko, ni kuku. Nikawaonyesha michoro yote. Hapa anaatamia, hapa ametoka kula, hapa ametotoa. Watu walicheka, Leonia, mwenzangu wa Chile alianguka kutoka kwenye kiti kwa kucheka.”

“Na profesa?”

“Profesa alicheka mwisho. Kisha akafuta wiki zile zote tano kwenye utafiti wangu, na alikuwa na haki. Inabidi nipime upya wiki nyingine tano. Wenzangu watavaa majoho mwaka huu, mimi nitakuwa ukumbini nawapigia makofi. Nitasubiri mahafali yanayofuata.”

Nilimwomba msamaha huku machozi yananidondokea kwenye simu ya baba. Aliniacha nilie kidogo, halafu akaongea.

“Sikiliza. Kukosa kwenda si kosa lililoniumiza. Ungeandika ‘sikwenda’, ningempigia mama, tungecheka siku ile ile ya kwanza. Nikimaliza masomo haya, kuna siku mtu ataniuliza shule ya Izia ijengwe kwa nondo ngapi, na nitamjibu kwa kutumia namba na madaftari kama lako. Daftari likiwa tupu, najua kwamba sijui, nitakwenda kuangalia mwenyewe. Daftari likijazwa uongo, naamini najua, na hakuna mtu atakayekwenda. Kazi uliyoiacha, mwingine anaweza kuifanya kesho. Kazi uliyodanganya kwamba umeifanya, hakuna atakayeifanya tena. Na watoto watakaa chini ya ukuta huo.”

Niliifuta simu ya baba kwa mkono wa shati.

“Sasa fungua zile kurasa tano,” aliendelea. “Usizichane. Piga mstari juu ya ulichoandika, maneno yaendelee kusomeka, na chini yake andika ukweli. Kisha kavae viatu, ni saa mbili na dakika tano.”

“Bado unataka niwe msaidizi wako?”

“Wewe ndiye mtu pekee Sumbawanga anayejua daftari la uongo linavyoharibu kazi. Nitampata wapi mwingine?”

Nilikaa barazani nikapiga mistari mitano, na chini ya kila mmoja nikaandika neno moja: Sikwenda. Neno lenyewe fupi, lakini mkono ulichoka kuliko siku za insha. Kisha nikashika njia ya Izia. Nilipofika nilifungua kifuniko, nikakagua, nikafuta sola, nikatafuta kuku alipo, nikakaa juu ya jiwe na kuandika. Baba alipotuma picha ya ukurasa ule ulikuwa unasomeka hivi:

“Nimefika saa 3:40 badala ya saa 3:00. Nilisimama njiani kuangalia lori lililonasa kwenye tope. Kipo sawa. Sola safi. Kuku yuko mbali, nimemwona kwa macho. Bibi ametwanga karanga kabla ya kwenda gulioni, sikumwona ila kinu bado kina mafuta. Kati ya saa 3:00 na saa 3:40 sikuwepo, kwa hiyo sijui.”

Jibu la shangazi lilichelewa kidogo. Nililisoma mwenyewe, baba akiwa anainamia bega langu.

“Nimempelekea profesa ukurasa huu,” aliandika. “Hilo ‘sijui’ lako, Leonia, ndilo neno la kwanza la kitaalamu uliloniandikia. Endelea hivyohivyo.”